Somo la Kiingereza: Maneno "used to"

Waalimu na makarani waandikao barua za Kiingereza kwa niaba ya wazee wa vijiji hupenda sana kutumia maneno "used to". Maneno haya ni mafupi, lakini yasipowekwa mahali pake huweza kumpotezea mtu haki yake. Kwa hiyo twaona yafaa tuyaeleze.

Tuseme watu wa kijiji wana shauri la shamba, nao wataka kusema, "Sisi hulima shamba hili kila mwaka." Mwandishi wao aandika, "We used to cultivate this land." Asomaye barua hiyo atafahamu ya kuwa watu hao walikuwa wakilima zamani, na sasa wameacha. Basi wamejitolea ushahidi juu yao wenyewe.

Kosa hili latokana na lugha yetu. Kwa Kiswahili "hu" yaonyesha desturi ya siku zote: "Sisi hulima." Kiingereza hakina silabi kama hiyo, desturi ya sasa huelezwa kwa kitendo peke yake: "We cultivate this land every year." Na ikitakiwa kuonyesha ya kuwa kazi ilianza zamani na hata leo yaendelea, huandikwa: "We have cultivated this land for many years." Bali "used to" ni "tulikuwa tukilima", yaani desturi iliyokwisha.

Tena kuna "to be used to", maana yake kuzoea. Hapo kitendo kifuatacho huongezwa "ing": "I am used to walking far", yaani, nimezoea kwenda mbali kwa miguu. Lakini "I used to walk far" ni kusema, zamani nilikuwa nikienda mbali, sasa siendi tena.

Mwisho, iangalieni herufi "d". Katika mazungumzo sikio haliisikii vema, lakini kalamu haina budi kuiandika: "used to", si "use to". Huondoka baada ya "did": "We did not use to plant coffee", yaani, zamani hatukuwa na desturi ya kupanda kahawa.

Basi kabla ya kuitia barua katika bahasha, mwandishi na ajiulize: Je, jambo hili limekwisha, au lingaliko? Kama lingaliko, na ayafute maneno hayo, aandike upya.