Wakati wa Tukio na Wakati wa Taarifa katika Daftari la Matukio ya Kompyuta

Katika uchanganuzi wa njeo, Hans Reichenbach (1947) alitofautisha wakati wa usemi, wakati wa tukio na wakati wa rejea. Makala haya yanadai kwamba tofauti kati ya usemi na tukio humfaa pia anayetafuta chanzo cha hitilafu ya kompyuta.

Mfumo wa Windows huweka daftari la matukio. Kila taarifa ndani yake ina tarehe, saa, chanzo na namba. Mathalani, kompyuta ikizimika ghafla saa 4:10 na kuwashwa saa 4:25, taarifa namba 6008 huandikwa baada ya kuwashwa, ilhali matini yake hutaja saa ya kuzimika. Anayezingatia saa ya kuandikwa pekee atayachukulia matokeo kuwa chanzo. Namba 41 nayo huarifu tu kwamba mfumo haukufungwa ipasavyo. Peke yake haibainishi iwapo umeme ulikatika au mashine iliganda.

Kwa hiyo, uchunguzi uanzie saa ya tukio na kurudi nyuma kwenye maonyo yaliyotangulia. Pasipo onyo lolote, ukimya huo nao ni ushahidi: umeme unapokatika ghafla, mfumo haupati nafasi ya kuandika.