Cape, 1894: Soma Bunge na Kriketi kwa Pamoja

Sisi tunaosomea ualimu wa historia tumezoea kuubeba ukoloni kwa kilo: sababu sita, athari saba, hitimisho. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Kwa wenzangu mnaojiandaa kwenda BTP, napendekeza njia nyingine. Chukueni koloni moja, mwaka mmoja tu, halafu someni habari za bunge na habari za michezo kwa pamoja. Mimi nimechagua Koloni ya Cape, Afrika Kusini, mwaka 1894.

Waziri mkuu alikuwa Cecil Rhodes, yule yule wa almasi za Kimberley. Lakini wa kumwangalia vizuri ni William Milton. Huyu jamaa ujanani aliichezea Uingereza raga, akahamia Cape, na mwaka 1889 akawa nahodha wa Afrika Kusini katika kriketi. Kufikia 1894 ndiye mtu wa ndani kabisa katika ofisi ya Rhodes, na wakati huohuo ndiye mwenye sauti katika klabu ya Western Province, wenye kiwanja cha Newlands, Cape Town. Yaani serikali na kriketi zilikuwa mezani kwa mtu mmoja.

Mwaka ule timu ya Afrika Kusini ilikuwa inajiandaa kwa ziara yake ya kwanza Uingereza. Jina lililozua mjadala ni Krom Hendricks, mrushaji mpira wa kasi, chotara wa Cape Town. Machi 1892 timu ya Waingereza ilicheza Newlands na kikosi cha Wamalei wa Cape, na Hendricks akiwa upande wa Wamalei aliangusha wiketi 4 kwa mikimbio 50. Kwa sisi tunaoiona kriketi kwa mbali tu pale Gymkhana: hiyo ni kazi kubwa, tena mbele ya watu waliokuwa wanaishi kwa mchezo huo. Waingereza wenyewe walishauri kwamba timu ikija kwao, Hendricks awemo.

Sasa tazameni kilichofuata. Harry Cadwallader, mwandishi wa habari na katibu wa chama cha kriketi, alimtetea. Wengine wakaja na wazo la "kusaidia": aende, ila kama mbeba mizigo ya timu, na akihitajika atacheza. Hendricks alijibu gazetini kwamba kwa cheo hicho hawezi hata kufikiria kwenda. Mimi jibu hilo ndilo ningeanzia nalo darasani, kabla hata ya kumtaja Rhodes. Mwisho jina lake halikuwemo. Mwaka uliofuata Rhodes mwenyewe, akiwa Oxford, alimweleza mchezaji chipukizi Pelham Warner kwamba yeye ndiye hakutaka Hendricks asafiri.

Timu ikaondoka bila yeye. Ilicheza mechi 24, ikashinda 12, moja ikiwa dhidi ya klabu ya MCC pale Lord's, ambayo ilikuwa na W. G. Grace, nyota mkubwa kuliko wote wa zama zile. Mapato ya milangoni, hata hivyo, yalikuwa mabaya na ziara ikala hasara.

Timu ikiwa bado Uingereza, Julai 1894, Rhodes alisimama bungeni Cape Town na muswada wa Glen Grey. Wilaya ya Glen Grey ilikuwa ya Waafrika, mashariki mwa koloni. Sheria ilikata ardhi vipande vya morgen 4, eka 8 hivi, kila kimoja kirithiwe na mtu mmoja. Watoto wengine waende wapi? Ndiyo hapo penyewe. Mwanamume ambaye hakutoka nje ya wilaya kufanya kazi miezi mitatu kwa mwaka alitakiwa kulipa shilingi 10. Na ardhi hiyo haikuhesabika kama mali ya kumpa mtu kura, wakati sharti la mali lilikuwa limeshapandishwa mwaka 1892 kutoka pauni 25 hadi 75. Ukimfundisha mtoto kodi ya nyumba ya Wajerumani huku kwetu, ya 1898, atautambua mtego bila kuambiwa.

Ukiziweka habari hizi mbili kando kwa kando, utaona swali ni lile lile. Mwafrika au chotara anakaribishwa, lakini kwa kazi gani? Akiwa mbeba mizigo, sawa. Akiwa kibarua, sawa. Akiwa mchezaji au mpiga kura, hapo wanaleta kifungu.

Msimwambie mwanafunzi kwamba "zama zile kila mtu alifikiri hivyo". Si kweli. Cadwallader hakufikiri hivyo. John Tengo Jabavu, mhariri wa Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa lililoanza 1884, alikuwa mpenzi wa kriketi na aliipinga sheria ya Glen Grey kwa kalamu yake. Waafrika wa mashariki mwa Cape walikuwa na klabu zao za kriketi miaka mingi kabla ya ziara hii.

Kile kifungu cha shilingi 10 kilishindikana kutekelezwa, kikafutwa 1905. Hendricks aliachwa tena timu ya Lord Hawke ilipokuja 1895-96. Milton yeye alipelekwa Rhodesia ya Kusini, akawa mkuu wa utawala huko hadi 1914.