SOMO LA BUSTANI: KWA NINI MICHE HUREFUKA KAMA UZI NA MCHICHA HUTOA MAUA MAPEMA



Kila baada ya kugawa mbegu, wahamasishaji wa bustani huletewa malalamiko mawili kuliko mengine yote. La kwanza ni kwamba miche imerefuka kama uzi, halafu imelala chini. La pili ni kwamba mchicha umetoa maua kabla familia haijala mboga hata mara tatu. Wengi husema mbegu ni mbovu na kung'oa bustani yote. Wengine humshuku jirani. Tafadhali using'oe kwanza. Mara nyingi mbegu ni nzima, ila mmea unafuata amri zilizomo mwilini mwake.

Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Sehemu zake hupelekeana habari kwa kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe kwa kiasi kidogo sana. Kemikali hizo huitwa homoni.

Tuanze na oksini. Hutengenezwa hasa kwenye ncha ya shina na majani machanga, kisha hushuka chini. Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis, huko Uingereza, walieleza jinsi walivyofunika ncha za miche ya nyasi. Miche iliyofunikwa haikuinama kuelekea mwanga, ingawa sehemu inayoinama iko chini ya ncha. Maana yake ncha ndiyo inayoona mwanga na kupeleka habari chini. Mwanga ukitoka upande mmoja, oksini huenda zaidi upande wa kivuli. Huko kuta za seli hulegea, maji huzisukuma, upande huo hurefuka na shina huinama. Angalia neno maji: bila maji ya kusukuma, homoni peke yake haiwezi kurefusha shina.

Homoni nyingine ya kurefusha ni jiberelini. Hii iligunduliwa kutokana na ugonjwa wa mpunga. Mimea iliyoshambuliwa na kuvu fulani ilirefuka kupita kiasi, ikadhoofika na kuanguka. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, Mjapani aliyefanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwa kuvu hiyo, bila kuvu yenyewe, yaliweza kuirefusha miche hivyo hivyo. Baadaye ilijulikana kwamba mimea yenye afya pia hujitengenezea jiberelini, lakini kwa kipimo.

Sasa rudi kwenye kitalu chako. Mche ulio gizani huona kana kwamba bado umefukiwa. Hutumia akiba yote ya mbegu kurefusha shina ili ufike juu, na huacha majani yakiwa madogo na ya manjano. Miche iliyosongamana nayo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa mwanga uliopita katika majani ya jirani umepungukiwa na rangi nyekundu, na mmea hutambua tofauti hiyo. Huo ni mbio wa kugombea jua. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kivuli kizito cha nyasi juu ya kitalu cha nyanya kwa majuma matatu, nikidhani naitunza miche. Siku nilipokiondoa, yote ililala.

Jaribu nyumbani pamoja na watoto. Chukua makopo mawili ya mafuta ya mgao, toboa matundu chini, jaza udongo na panda maharage matatu katika kila kopo. Moja liweke juani, jingine ndani, mahali penye giza. Baada ya siku kumi utajionea mwenyewe. Kwa hiyo, kwenye kitalu punguza kivuli kidogo kidogo mara miche inapoota, na ng'olea miche iliyobanana. Hiyo uliyoing'oa ya mchicha ni mboga, usiitupe.

Oksini ina kazi nyingine ambayo ina faida zaidi kwako. Ikishuka kutoka kwenye ncha, huyazuia macho ya pembeni yasichipue. Mizizi nayo hupeleka juu sitokinini, ambayo huyahimiza yachipue. Ukikata ncha, kizuizi huondoka na macho ya chini huamka. Hivyo mchicha wenye shina moja huwa na matawi manne au matano. Usiung'oe na mizizi yake. Ukifika kama mwezi mmoja, ukate juu ya kiganja kimoja kutoka ardhini, ukiacha majani machache, kisha utie samadi na maji. Baada ya majuma mawili hivi utakata tena.

Matembele na muhogo pia hutegemea oksini. Hushuka hadi penye jeraha la chini na kuchochea mizizi. Ndiyo sababu hupandwi kichwa chini: pingili hukumbuka upande wake wa juu.

Na maua? Majani hupima urefu wa usiku na kupeleka habari kwenye ncha. Miaka ya 1930 Mikhail Chailakhyan, wa Urusi, aliiita habari hiyo florijeni, na kwa miaka mingi haikupatikana. Mwaka 2007 ndipo wanasayansi walipoonyesha kwamba ni protini inayotengenezwa ndani ya jani. Mchicha hupenda kuchanua siku zikiwa fupi. Hapa kwetu, karibu na ikweta, tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama nusu saa tu, kwa hiyo kubadili mwezi wa kupanda hakukusaidii sana. Lakini kiu na msongamano huharakisha maua. Maji ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi, yale ya suuzo la mwisho, yamwagiwe bustani. Kata kabla vishada vya maua havijaonekana.

Acha hata hivyo mimea minne iliyo bora bila kukatwa kabisa, ili upate mbegu. Kabichi usiisubirie mbegu: huhitaji majuma kadhaa ya baridi kali ndipo itoe maua.

Jambo la mwisho ni la hatari. Sokoni huuzwa chupa za dawa ambazo watu huambiwa ni za kukuza mboga. Baadhi ni dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, ambayo ni oksini ya kiwandani. Mahindi huivumilia, lakini maharage, nyanya na mchicha hujikunja, hukua ovyo na kufa, hata kwa kiasi kidogo. Usinunue dawa isiyo na lebo, na ndoo au chupa iliyowekwa dawa hiyo isitumike kumwagilia bustani wala kuchotea maji ya kunywa, hata ukiiosha.