PS ya Kuchipiwa na Simu Yenye Pesa Zako

Ukishuka basi Mwembe Tayari, hutembei mbali kabla hujakutana na fundi wa simu. Waliokulia vyumba vya gemu wanalijua neno "kuchipu": diski halisi ya PS2 ilikuwa ghali, kwa hivyo fundi aliifungua mashine, akachomelea kichipu ndani, na diski ya kunakili ikacheza. Leo tunakizungumzia kichipu kile kwa sababu kazi inayofanana na ile hufanywa pia kwenye simu, hiyohiyo unayotumia kutuma pesa.

Mashine ya gemu ikiwashwa, huanza na programu ndogo iliyowekwa ndani ya chipu kiwandani. Hiyo hukagua saini ya kidijitali ya programu inayofuata, ambayo mafundi huiita butiloda. Butiloda nayo hukagua mfumo mzima, kisha mfumo hukagua gemu. Wa kwanza akidanganywa, basi wote wanaomfuata wamedanganywa.

Hata makampuni makubwa yamekosea hapa. Desemba 2010, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, kikundi cha fail0verflow kilionyesha kosa la Sony kwenye PS3. Kila saini ilitakiwa itengenezwe kwa namba mpya ya kubahatisha. Sony walirudia ileile. Ukipata saini mbili za namba moja, unakokotoa ufunguo wa siri wenyewe. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Nintendo Switch, na safari hii kosa lilikuwa kwenye ile programu ya kwanza kabisa, isiyoweza kusasishwa kwa intaneti. Zilizokwisha uzwa zikabaki nalo.

Hatusemi kila anayefungua mashine yake ni mwizi. Wako wanaoandika gemu zao wenyewe, na PS3 yenyewe iliruhusu Linux mpaka Sony walipoiondoa Aprili 2010. Lakini PS ikiharibika, umepoteza gemu na pesa ya fundi. Simu je?

Simu ya Android ina mnyororo uleule. Tuseme unampa fundi simu, anafungua butiloda na kuiruti ili upate apu za bure au mfumo mpya. Anayeshika mfumo anashika vyote: programu mbaya iliyopewa nguvu hizo inaweza kusoma SMS zenye namba za uthibitisho na kurekodi kioo chako. Wengine hutuambia, "Mimi natumia menyu ya laini tu, si apu." Sawa, menyu iko kwenye laini, lakini PIN unaibonyeza kwenye kioo cha simu hiyohiyo. Ndiyo maana apu nyingi za benki na za malipo hugoma kufunguka kwenye simu iliyorutiwa. Ikigoma, usimtafute fundi wa kuilaghai.

Ukinunua simu ya mtumba, kabla hujatoa pesa izime, uiwashe, uangalie kioo. Simu nyingi za Android zikifunguliwa butiloda hutoa onyo mwanzoni kabisa, kabla mfumo haujaanza, kwamba programu yake haiwezi kuthibitishwa. Muuzaji atakwambia, "Hiyo ni kawaida, bosi." Si kawaida. Rudisha.

Ukipeleka simu kutengenezwa, toa laini kwanza, na PIN usimwachie mtu hata kama ni jirani. Fundi wa kioo au betri haihitaji.

Na kama tayari unaitumia simu yenye onyo hilo, badilisha PIN kwa kutumia simu nyingine unayoiamini, na usirudishe laini kwenye ile ya kwanza. Kufuta data kwenye mipangilio hakutoshi: kunaondoa picha na apu zako, lakini mfumo uliobadilishwa unabaki palepale. Ipeleke kwa huduma rasmi ya mtengenezaji irudishiwe mfumo wake wa asili na butiloda ifungwe tena. Picha uzihifadhi mapema, kwa sababu kuifunga kunafuta kila kitu.