Diski Tatu na Stima ya Kubahatisha

Ukimwambia mtu wa Tororo kwamba unapenda rock, atakuelekeza dirishani. Mwamba wetu uko pale pale, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hauhitaji spika. Mimi naongelea roki nyingine, ya magitaa, ile iliyotoka Marekani na Uingereza miaka ya 1980 na 1990, pamoja na gemu moja ya Kijapani, Final Fantasy VII, ambayo nimeimaliza mara mbili na kuikatiza mara nyingi zaidi. Vijana wa huku na wa ng'ambo ya mpaka wa Malaba huniuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia, mengine nimeyajua kwa hasara.

Anza na mashine. PlayStation ya kwanza ukiivizia utaipata kwenye vifaa vya mtumba, upande wetu au upande wa Kenya. Kabla hujajadili bei, uliza kama ni shilingi za Kenya au za Uganda. Moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya ishirini za Uganda, na wapo wauzaji ambao hutaja namba tupu waone utashtuka vipi. Mkiisha kuelewana, pindua mashine usome maandishi ya chini. Ukiona 100V, hiyo imetoka Japani, na soketi zetu ni za 240V. Mimi sikupindua. Nilichomeka, taa ya kijani ikawaka kwa muda wa kupiga chafya, kisha ukatoka moshi mwembamba kama wa ubani. Fundi aliyeifungua alinionyesha kapasita iliyovimba kama andazi, akacheka, akanirudishia skrubu zangu kwenye karatasi ya gazeti. Mashine ya Japani inataka transfoma ya kushusha umeme. Kama huna, iache mezani kwa mwenyewe.

Memori kadi ina nafasi 15, na safari yako ya Final Fantasy VII hula nafasi moja kila unaposevu. Basi tumia mbili kwa zamu: leo ya kwanza, kesho ya pili. Stima ikipotea kadi ikiwa inaandika, utapoteza moja na ya jana utabaki nayo. Kumbuka pia kwamba gemu hii haikuruhusu kusevu popote. Ukiwa nje kwenye ramani ya dunia uko huru, lakini ndani ya miji na mapango ni mpaka ufike kwenye alama yake inayozunguka. Saa za mwanzo zote unazimaliza ndani ya jiji la Midgar, ambako ramani ya dunia hujaiona bado. Hapo kila alama ni kisima jangwani, usiipite. Mwaka 2016 lilitoka toleo la simu za Android, nalo ni msaada mkubwa kwa mtu wa stima ya kubahatisha, ila vidole vitakuzibia nusu ya skrini.

Usijaribu kuichezea kwenye kibanda cha gemu. Kule watu hulipia mechi ya mpira ya dakika chache, na nyuma yako wamepanga foleni. Wewe unataka saa arobaini, tena nyingi zake ni za kusoma mazungumzo. Utafukuzwa kwa haki.

Sasa, kwa nini gemu ya mwaka 1997? Sababu yangu ni ya mtu wa hapa. Midgar ni jiji linaloendeshwa na kampuni iitwayo Shinra, na Shinra hufyonza uhai wa sayari kupitia mitambo mikubwa, ikaugeuza kuwa umeme. Matajiri wanaishi juu, kwenye sahani ya chuma. Maskini wako chini yake, jua hawalioni. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na laini kubwa ya umeme inapita Tororo kwenda Lessos, Kenya. Mimi nimekulia chini ya nyaya hizo, nikisoma kwa koroboi. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia Midgar.

Ukifika Corel, punguza mwendo. Huo ni mji wa wachimba makaa ya mawe, kwao Barret, yule jamaa mwenye bunduki mahali pa mkono. Yeye mwenyewe aliunga mkono mtambo wa Shinra ujengwe, na mji ukaishia kuchomwa moto. Wahakiki wengi wanamkumbuka Barret kwa kelele zake. Mimi nadhani ndiye moyo wa gemu nzima, kuliko mhusika mkuu, Cloud, mwenye upanga na nywele zake za kusimama. Kuhusu kuzalisha chocobo, wale ndege wa kupanda, iruke sehemu hiyo. Ni kazi ya mfugaji, na mfugaji hulipwa. Mwisho wa diski ya kwanza kuna kifo ambacho sitakisimulia. Hakikisha tu siku hiyo hujaalika mtu.

Diski ya tatu ndiyo iliyonivusha hadi kwenye roki. Mtunzi wa muziki wake, Nobuo Uematsu, aliupa ule wimbo wa pambano la mwisho kwaya inayoimba, na amewahi kueleza kwamba alikuwa akiwawaza Stravinsky na Jimi Hendrix kwa pamoja. Baadaye alikuwa na bendi, The Black Mages, iliyotoa albamu ya kwanza mwaka 2003, ikipiga nyimbo za gemu za Final Fantasy kwa magitaa yaliyokwaruzwa. Ukiisha kuzipenda, umeshaingia; kilichobaki ni kuchagua mlango.

Mlango wangu kwako ni sebene, ile sehemu ya magitaa katika muziki wa Kongo. Sikio lako limezaliwa likiijua: Franco anaimba taratibu, anasimulia, halafu magitaa yanafunguka na watu wanainuka vitini. Benga ya Misiani nayo ina wakati wake wa gitaa kushika usukani. Shika sikio hilo hilo uende nalo kwa Pixies, albamu ya Doolittle ya mwaka 1989, usikilize wanavyonong'ona ubeti kisha wakalipuka kwenye kiitikio. Mpango ni ule ule, utulivu halafu mlipuko, ila sebene humfungulia mchezaji uwanja, na hawa wanakukaba koo. Kisha weka Nevermind ya Nirvana, ya mwaka 1991, nawe utasikia wamejifunzia wapi. Kurt Cobain mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akiwaiga Pixies.

In Utero ya mwaka 1993 naiweka juu ya Nevermind, na niko tayari kubishana. Aliyeirekodi ni Steve Albini, na ngoma zake unazisikia pamoja na chumba zilimopigiwa, kama mtu anayetwanga mahindi nyumba ya jirani. Mellon Collie ya Smashing Pumpkins, mwaka 1995, ina nyimbo 28 kwenye diski mbili. Ningeipunguza ibaki moja, lakini kwa kuwa diski ya kwanza wameipa jina la kutoka alfajiri hadi magharibi na ya pili la kutoka magharibi hadi nyota, nawatii: moja mchana, nyingine usiku. OK Computer ya Radiohead, mwaka mmoja na Final Fantasy VII, isikilize Malaba saa za usiku, malori yamepanga mstari yakisubiri kuvuka na madereva wamelala kwenye usukani. Katikati kuna kipande kinachosomwa na sauti ya kompyuta. Usikiruke.

Maoni yako yaandike kwenye daftari, na ujinyime kuandika mara ya kwanza unaposikiliza. Mara ya pili andika dakika na kitu ulichosikia: gitaa limeingia hapa, sauti imepasuka pale. Maneno kama "kali" na "moto" yafute, kwa sababu yanamweleza msikilizaji, wimbo hayaugusi. Mara ya tatu sikiliza na mtu asiyeipenda kabisa roki, na umwache amalize kulalamika. Shangazi yangu alisikia dakika mbili za In Utero akauliza nani amemwudhi huyo mtoto. Sijaandika sentensi bora kuliko hiyo.

Angalia na spika zako za masikioni. Upande mmoja ukifa, nusu ya gitaa imekwenda, na utailaumu bendi bure.

Nevermind ukiipata kwa CD, wimbo wa mwisho ukinyamaza usizime. Kwenye nakala nyingi kuna kimya cha kama dakika kumi, halafu wimbo mwingine usio kwenye orodha unaruka kama paka aliyekanyagwa. Mimi miaka miwili nilidhani betri imekufa.