Neno "Sorry" kwa Mswahili: Kati ya Pole, Samahani na Majuto

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya neno la Kiingereza "sorry" katika sentensi za kila siku, na jinsi yanavyowatatiza wazungumzaji wa Kiswahili nchini Kenya. Tunadai kwamba neno hili moja hutekeleza kazi ambazo Kiswahili kimezigawa baina ya maneno kadhaa, hasa pole, samahani na kitenzi kujuta. Kutokana na hali hiyo, kosa huenda pande mbili: tunaponena Kiingereza tunaipa "sorry" kazi ya pole, nasi tunaporejea Kiswahili tunaipa pole kazi ya samahani. Mwishoni tunaonyesha, kwa mifano ya hotuba za viongozi, kwamba suala hili linavuka mipaka ya darasa la sarufi.

1.0 Utangulizi

Siku moja ya mvua, mhadhiri mgeni kutoka Uingereza aliteleza katika ujia wa idara yetu, vitabu vikatawanyika sakafuni. Wanafunzi tuliokuwa karibu tulipaza sauti kwa pamoja: "Sorry!" Mgeni alitazama huku na huko, kisha akauliza kwa mshangao ni kwa nini sote tunaomba msamaha ilhali hakuna aliyemsukuma. Tulicheka, tukamwokotea vitabu, na jambo likaishia hapo.

Juma lililofuata, mmoja wetu aliingia darasani akiwa amechelewa nusu saa. Alimwinamia mhadhiri wetu wa fasihi, mzaliwa wa Pwani, akasema: "Pole mwalimu, nimechelewa." Mzee yule aliweka chaki chini, akajibu: "Pole wanipa mimi? Mimi sijapatwa na lolote, mwanangu. Wewe omba radhi."

Visa hivi viwili ni pande mbili za sarafu moja. Katika cha kwanza, Kiswahili kilizungumza kupitia kinywa cha Kiingereza. Katika cha pili, Kiingereza kilizungumza kupitia kinywa cha Kiswahili. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ni vyema basi tujue ulimi wetu hujikwaa wapi.

2.0 Asili na aina ya neno

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. Ni ndugu wa neno la leo "sore". Wengi hudhani kwamba limetokana na "sorrow", yaani huzuni, lakini mzizi wa "sorrow" ni mwingine. Maneno hayo yalikuja kufanana kwa sauti na kukaribiana kwa maana. Hivyo basi, kiasili anayesema "I am sorry" anaarifu kuwa yeye mwenyewe anaumia moyoni. Anaeleza hali yake. Bado hajaomba chochote.

Kisarufi, "sorry" ni kivumishi. Si kitenzi wala si nomino. Ndiyo sababu huhitaji kitenzi kishirikishi: "I am sorry", "she was sorry". Mwanafunzi anayeandika "I sorry" amekigeuza kivumishi kuwa kitenzi. Vilevile haifai kusema "I am sorry to him" kwa maana ya "nimemwomba radhi". Aliyekosewa hutajwa kwa kutumia kitenzi kingine: "I said sorry to him" au, kwa lugha rasmi zaidi, "I apologised to him".

Neno hili huandamana na miundo minne ambayo yafaa kukaririwa:

(a) "Sorry for" na kitenzi chenye kiambishi "-ing": "I am sorry for shouting." (Samahani kwa kupaza sauti.)
(b) "Sorry about" na nomino: "We are sorry about the noise." (Tunaomba radhi kwa kelele hizi.)
(c) "Sorry to" na kitenzi: "I am sorry to disturb you." (Niwie radhi kwa kukusumbua.)
(d) "Sorry that" na sentensi kamili: "I am sorry that I missed the lecture." (Nasikitika kwamba nilikosa mhadhara.)

3.0 Kazi za "sorry" katika mazungumzo

Msomaji akisikiliza Waingereza wakizungumza kwa muda wa saa moja tu, huenda akalisikia neno hili mara nyingi na kwa kazi mbalimbali. Kazi kuu ni hizi:

Kwanza, kukiri kosa na kuomba radhi: "I am sorry I broke your cup." Kiswahili husema "Nisamehe, nimekivunja kikombe chako."

Pili, kumliwaza aliyepatwa na jambo: "I am sorry to hear about your father." Hapa Kiswahili husema pole. Tazama kwamba Mwingereza huongeza maneno "to hear about" ili ieleweke kuwa anasikitikia habari, hakiri kosa. Hiki ndicho kipande tulichokikosa siku ile ya mvua. Kwa mtu aliyeteleza, Mwingereza angeuliza "Are you all right?", yaani "Hujaumia?"

Tatu, kuomba jambo lirudiwe. Neno hutamkwa kwa kiimbo cha kupanda: "Sorry?" Sisi husema "Unasemaje?" au "Samahani, sikukusikia."

Nne, kumkatiza mtu kwa adabu au kuanzisha mazungumzo na mgeni: "Sorry, is this seat taken?" Kiswahili hutumia samahani. Hata hivyo, hapa Kiingereza kina neno mahususi zaidi, "excuse me". Kanuni rahisi ni kwamba "excuse me" hutangulia usumbufu, na "sorry" hufuata baada ya usumbufu kutokea. Ukitaka kupita kati ya watu, sema la kwanza. Ukimkanyaga mmoja wao, sema la pili.

Tano, kujisahihisha: "The test is on Monday, sorry, Tuesday." Kiswahili kinatosheka na "la" au "samahani": "Jaribio litakuwa Jumatatu, la, Jumanne."

Sita, kukataa kwa upole: "Sorry, we are closed." Twaweza kusema "Samahani, tumefunga."

Saba, kuonya: "You will be sorry!" Hapa hakuna pole wala samahani. Maana yake ni "Utajuta!" Anayefasiri kuwa "Utaomba msamaha" amepotoka.

Nane, kusifu nomino kwa ubaya. Neno likitangulia nomino, maana hubadilika kabisa: "The hostel was in a sorry state", yaani bweni lilikuwa katika hali ya kusikitisha. Kwa hivyo "a sorry student" si mwanafunzi aliyeomba radhi, bali ni mwanafunzi duni wa kuhurumiwa. Aidha, "I feel sorry for you" ni "nakuonea huruma", kauli ambayo, kutegemea kiimbo, huweza kuwa tusi. Usimwandikie mfiwa maneno hayo. Mwandikie "I am sorry for your loss."

4.0 Ugavi wa kazi katika Kiswahili

Kiswahili hakikuziweka kazi hizi zote katika kapu moja. Neno pole lina uhusiano na upole na kupoa. Ushahidi umo katika jibu lake la Pwani: anayepewa pole hujibu "Nishapoa." Pole huelekezwa kwa aliyeumia, naye asemaye si lazima awe amehusika. Tena huwa na wingi, poleni, kwa sababu humlenga msikilizaji kama amri za heshima zifanyavyo. Pole hutolewa hata pasipo msiba: "Pole na safari", "Pole na kazi". Hakuna "sorry" inayoweza kufasiri maamkizi haya. Ukimwambia Mwingereza "Sorry for the work", atadhani ndiye wewe uliyempa kazi hiyo. Jambo hili haliko katika Kiswahili pekee: Mjaluo naye husema "mos", neno ambalo likirudiwa, "mosmos", huwa na maana ya polepole. Si ajabu basi kwamba "sorry" ya kuliwaza imeenea katika Kiingereza cha Afrika Mashariki.

Samahani ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni ombi: "nisamehe". Kunradhi, ambalo wengi hulitamka kumradhi, lilitokana pia na Kiarabu kwa maana ya "kuwa radhi". Maneno haya mawili hayaelezi hali ya moyo wa msemaji. Yanamwomba msikilizaji atende jambo, naye ana hiari ya kutenda au kukataa.

Tukilinganisha, twapata mielekeo mitatu. "I am sorry" huelekea moyo wa msemaji. Pole huelekea maumivu ya msikilizaji. Samahani huelekea hiari ya msikilizaji. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1962, alitofautisha kauli inayotenda na kauli inayoarifu hisia. Kwake "I apologise" ni kitendo kamili, ilhali "I am sorry" iko katikati, nusu kitendo na nusu taarifa. Kiswahili, kwa kutumia samahani na pole, hakiachi shaka kama hiyo.

5.0 Pole inapomeza samahani

Siku hizi husikika katika magari ya abiria, ofisini, hata mabwenini: "Pole nimekukanyaga", "Pole nimesahau kitabu chako", "Pole kwa kuchelewa." Hii ni tafsiri ya "sorry" neno kwa neno. Si kwamba mkosaji hawezi kumpa pole aliyemuumiza. Anaweza, na ni vyema afanye hivyo. Lakini pole peke yake huyatambua maumivu bila kumtambua aliyeyasababisha. Muungwana husema yote mawili: "Nisamehe mama, nimekukanyaga. Pole sana." La kwanza linakiri, la pili linaliwaza. Tukiliacha la kwanza tumejitoa katika kosa letu wenyewe kwa hila ya msamiati.

Wapo watakaotetea kwamba lugha hubadilika na kwamba matumizi ndiyo sheria. Hatupingi. Hata hivyo, badiliko linaloleta neno jipya huitajirisha lugha, ilhali badiliko linalofuta tofauti yenye manufaa huipunguza. Kiswahili kimetupa vyombo viwili. Kwa nini tubaki na kimoja?

6.0 Uzito wa neno hadharani

Tofauti hii si ya darasani tu. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia bunge la nchi yake kwamba serikali inasikitika kwa dhati kuwa mateso yalitendeka nchini Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Walalamishi 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Hata hivyo, serikali hiyo iliendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumzia huzuni na majuto makubwa kwa maovu ya wakati wa ukoloni, na kwamba maovu hayo hayana udhuru. Hakuomba msamaha rasmi.

Siku iliyofuata, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, Tanzania, ambako alizungumza na wazao wa wahanga wa vita vya Maji Maji. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao.

Mfasiri wa Kiswahili aliyepewa hotuba hizi mbili alikuwa na kazi nzito. Angeandika "ameomba msamaha" katika zote mbili, angempa Mfalme maneno ambayo hakuyatamka. Angeandika "amesikitika" katika zote mbili, angewanyima watu wa Songea ombi walilopewa. Huko Nairobi palitolewa taarifa ya moyo. Kule Songea palitolewa ombi ambalo msikilizaji angeweza kulikubali au kulikataa. Mzee aliyepoteza shamba au ndugu ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili ameambiwa, na anayemjulisha ni mfasiri.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba "sorry" ni kivumishi chenye miundo yake, kwamba kina kazi zisizopungua nane, na kwamba Kiswahili kimezigawa kazi hizo kwa namna inayotenganisha maumivu, kosa na majuto. Tunapendekeza kwamba katika somo la tafsiri, mwanafunzi asiulize "sorry" ni nini kwa Kiswahili, bali aulize: ni nani aliyeumia, ni nani aliyekosa, na je, kuna ombi? Akijibu maswali hayo matatu, neno litajileta lenyewe.

Zoezi

Fasiri sentensi zifuatazo kwa Kiswahili sanifu:
1. "Sorry I'm late."
2. "I'm sorry to hear that you failed."
3. "Sorry? I didn't hear you."
4. "One day you will be sorry."
5. "The road is in a sorry state."

Majibu: (1) Samahani kwa kuchelewa. (2) Pole, nimesikia kwamba hukufaulu. (3) Unasemaje? Sikukusikia. (4) Siku moja utajuta. (5) Barabara iko katika hali ya kusikitisha.

Msomaji aliyejibu "pole" katika sentensi ya kwanza asivunjike moyo. Kuteleza si kuanguka.