Dondoo muhimu: Ukienda maandamano ya Saba Saba Nairobi

Kila Julai 7, Wakenya huikumbuka Saba Saba ya 1990, siku watu walipojitokeza Kamukunji kudai vyama vingi ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku. Kuandamana kwa amani, bila silaha, ni haki yako chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba. Waandalizi hupeleka notisi kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si kuomba ruhusa.

Jipange kutembea. Mwaka 2025 polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji, na wengi waliachwa njiani. Vaa raba, beba maji na kitambulisho.

Andika nambari ya jamaa na ya wakili mkononi, kwa kalamu isiyofutika upesi. Simu huzima, huanguka, hunyang'anywa; mkono unao.

Vitoa machozi vikirushwa, usisugue macho hata yakiwasha vipi. Elekea upepo unakotoka, kisha suuza kwa maji safi mengi. Lenzi za macho ziache nyumbani. Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta.

Ukikamatwa, uliza sababu na udai wakili. Una haki ya kunyamaza, na sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, siku ya kwanza ya mahakama baada ya hapo.

Tafadhali, usiende peke yako. Kubalianeni mapema mtakapokutana mkipotezana.